Kutoka Mwamba wa Kambove hadi Chupa za Berlin: Historia ya Kiumbe Kinachotakiwa Kutoa Mafuta

Kati ya Likasi na Kambove kuna vilima ambavyo vichwa vyake ni mawe matupu. Miti ya miyombo huishia ubavuni, na juu hubaki nyasi na maua madogo yanayostahimili udongo wenye shaba. Jiwe gumu linaloshikilia vilima hivyo, wachimbaji wa migodi ya Katanga wanalijua kwa herufi tatu: RSC. Ni kifupi cha jina la Kifaransa linalosema kwamba mwamba huo una silika na umejaa vishimo. Unalala katikati ya tabaka mbili za madini, moja chini yake na moja juu yake. Tangu siku za Union Minière, kampuni ya kikoloni ya migodi, mwamba huo umehesabiwa zaidi kuwa jiwe la kupasuliwa na kutupwa kando ili shaba na kobalti zifikiwe.

Jiwe hilo lilijengwa na kiumbe hai. Kiumbe chenyewe, au tuseme kizazi chake cha leo, kinafugwa sasa katika chupa za kioo huko Uppsala, Amsterdam, Qingdao na Berlin na watafiti wanaotaka kitoe mafuta ya kuendeshea magari. Kinaitwa sianobakteria. Historia ya jitihada hizo husimuliwa kana kwamba ni ya Marekani, Ulaya na Asia peke yao. Mimi naona kwamba Kongo imo ndani yake tangu ukurasa wa kwanza, na kwamba Likasi ina haki ya kuisimulia kama historia yake yenyewe.

Sianobakteria ni bakteria wadogo mno, wenye rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, wanaoishi kwa mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa. Wao ndio waliovumbua usanisinuru wa aina inayotoa oksijeni, na mimea yote iliurithi kutoka kwao. Miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita oksijeni yao ilianza kujaa angani, na sura ya dunia ikabadilika. Walipoishi kwenye maji ya kina kifupi walitandaa kama mkeka. Vumbi na chokaa vikaganda juu ya mkeka, wakapanda juu kufuata mwanga, wakatanda tena. Mikeka hiyo iliyopandana ikageuka mawe yenye mistari, ambayo wanajiolojia huyaita stromatolaiti.

Bonde la bahari lililokuwa hapa Katanga lilikuwa na mikeka ya namna hiyo kwa wingi. Miamba ya kundi la Roan, ambamo migodi ya Kambove, Shituru, Luishia na Shinkolobwe ilichimbwa, iliwekwa kati ya miaka milioni 880 na milioni 730 hivi iliyopita. RSC ni sehemu yake iliyojaa stromatolaiti, na juu zaidi, katika dolomaiti za Kambove, zimo nyingine. Uhusiano wa viumbe hao na shaba hauishii kwenye ujirani. Maji ya chumvi yanaweza kuyeyusha shaba na kuisafirisha mbali pale tu palipo na oksijeni, na ndiyo maana akiba kubwa za shaba za aina ya Katanga hazipatikani katika miamba iliyotangulia ujio wa oksijeni. Kisha shaba hiyo ilipofika penye mabaki ya mikeka iliyooza, bakteria wengine waliokuwa wakila mabaki hayo walitoa gesi ya salfa iliyoifanya igande. Wanajiolojia bado wanabishana ni kiasi gani cha madini kiliganda wakati ule ule na kiasi gani kililetwa baadaye milima ilipojikunja, lakini mchango wa mabaki ya viumbe hai unakubaliwa na wengi.

Elimu hiyo haikuja kwa siku moja. Jules Cornet, Mbelgiji aliyefika Katanga mwaka 1892 na msafara wa Bia na Francqui, alieleza milima ya shaba ambayo Wasanga na Wayeke walikuwa wakiichimba na kuyeyusha kabla yake, wakitengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Katikati ya miaka ya 1940 wanajiolojia wa kikoloni, Lucien Cahen akiwa mmoja wao, waliandika juu ya alama za mwani katika miamba ya kale ya chokaa ya Kongo. Halafu ikaja hatua inayoihusu Likasi moja kwa moja. Baada ya Union Minière kutaifishwa mwaka 1967, idara ya jiolojia ya Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi, ilikuwa hapa mjini, na mwaka 1973 Armand François alitoa hapa hapa Likasi kitabu chake juu ya ncha ya magharibi ya upinde wa shaba, yaani ukanda wa madini wa Katanga. Jacques Cailteux alifuata na kazi ndefu ya kupanga tabaka za Roan moja baada ya nyingine. Alishirikiana na Henri Kampunzu, Mkongomani aliyefundisha Lubumbashi na baadaye Botswana, mmoja wa wanajiolojia mahiri kabisa waliotoka katika nchi hii. Mwaka 2003, chini ya mpango wa UNESCO wa kulinganisha jiolojia za mabara, watafiti wa nchi mbalimbali walikutana Lubumbashi na kwenda kuangalia miamba hii kwa macho. Mwaka uliofuata Kampunzu alifariki. Makala waliyoandika pamoja juu ya asili ya shaba na kobalti ya ukanda huu ilitoka mwaka 2005, na hadi leo anayeandika juu ya jambo hili lazima aipitie.

Ninakaa hapa kwa makusudi. Katika masimulizi yote yanayofuata, hii ndiyo sehemu pekee ambayo maarifa yalikusanywa, yakaandikwa na kuchapwa Katanga kwenyewe.

Sasa mafuta. Likasi haina kisima cha petroli. Umeme wake ulitoka mapema kwenye maporomoko ya Mto Lufira, pale Mwadingusha mwaka 1930, lakini kila lita ya dizeli inayoendesha lori la mgodi imevuka mipaka kwa barabara ndefu, nyingi zikipitia Zambia na Kasumbalesa kutoka bandari za Bahari ya Hindi. Tatizo hilo ni la kale, na lilizaa utafiti wa kale pia. Tarehe 31 Agosti 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza ya Ubelgiji nambari 422,877. Alikuwa amechanganya mafuta ya mawese na alkoholi ili kupata kimiminika kinachowaka vizuri katika injini ya dizeli. Mwaka 1938 basi la abiria kati ya Brussels na Louvain lilijaribiwa kwa mafuta hayo, na kilichokusudiwa kilikuwa matumizi ya mawese ya Kongo. Wanahistoria wa nishati huitaja hataza hiyo kuwa ya kwanza duniani kwa kile kinachoitwa leo biodizeli. Vita vilikuja, petroli ya bei nafuu ikafuata, na jambo likasahauliwa kwa miaka mingi.

Mawese yana kasoro inayojulikana: yanataka ardhi, na ni chakula. Hapo ndipo macho yalipogeukia viumbe vidogo vya majini. Mbelgiji mwingine aliyeijua Kongo, mtaalamu wa mimea Jean Léonard, alikuwa amefanya kazi katika kituo cha kilimo cha Yangambi kando ya Mto Kongo. Katika msafara wa Wabelgiji uliovuka Sahara mwaka 1964 na 1965, alikuta sokoni huko Chad keki kavu za kijani ziitwazo dihé, ambazo wanawake wa Kanem huzikusanya kutoka madimbwi ya magadi karibu na Ziwa Chad. Mwaka 1967 yeye na Pierre Compère walichapisha kwamba keki hizo ni sianobakteria aina ya spirulina na zina protini nyingi ajabu. Wakati huo huo Taasisi ya Petroli ya Ufaransa ilikuwa ikichunguza namna ya kukuza kiumbe hicho hicho kwa wingi. Taasisi ya petroli ikifuga mwani! Tangu mwanzo, chakula na mafuta vimetembea pamoja katika habari hii.

Lubumbashi nako kulikuwa na mtu aliyevijua viumbe hivi. Jean-Jacques Symoens, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Elisabethville, kama Lubumbashi ulivyoitwa wakati wa ukoloni, alikuwa ameeleza miaka ya 1950 jinsi maji ya kaskazini mwa Ziwa Tanganyika yanavyofunikwa na utando wa sianobakteria nyakati fulani za mwaka. Wavuvi wa Uvira na Bujumbura waliuona utando huo bila shaka kabla ya profesa yeyote.

Miaka ya 1970 ndipo wanasayansi walipokubaliana kwamba hawa si mwani bali bakteria kamili. Aliyeshikilia hoja hiyo kwa nguvu alikuwa Roger Stanier, Mkanada aliyehama kutoka Berkeley, California, mwaka 1971 na kujiunga na Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Alihama na mkusanyo wake wa bakteria hai. Ndiyo maana sianobakteria mashuhuri maabarani wana herufi PCC, yaani mkusanyo wa Pasteur, na nambari. Anayejulikana kuliko wote, Synechocystis PCC 6803, alitolewa kwenye maji baridi ya California mwaka 1968. Mwaka 1996 Wajapani wa taasisi ya Kazusa walisoma jenomu yake yote, herufi milioni tatu na nusu hivi, na akawa kiumbe cha kwanza chenye usanisinuru kusomwa hivyo. Tangu hapo mtu wa Toronto na mtu wa Tokyo waliweza kushika kiumbe kile kile, wakasoma ramani ile ile, na kusahihishana.

Sianobakteria wa kawaida hatoi alkoholi ya maana. Anatengeneza sukari, naye huitumia kujijenga. Ili atoe ethanoli kwa wingi hupewa vimeng'enya viwili. Cha kwanza hukata hewa ya ukaa kutoka kwenye piruveti, kitu kinachopatikana sukari inapovunjwa, cha pili hugeuza kinachobaki kuwa ethanoli. Vimeng'enya hivyo vilikopwa kwa bakteria aitwaye Zymomonas mobilis, na huyu ni jamaa wa malafu, pombe ya mnazi au mchikichi.

Kila anayegema mnazi au mchikichi anajua kwamba utomvu mtamu wa asubuhi huwa mkali kufikia jioni. Hamira inafanya kazi humo, lakini Zymomonas naye yumo, na huyu ni fundi wa ajabu: karibu sukari yote anayoila huitoa kama ethanoli na gesi, bila kubakiza kingi kwa ajili ya mwili wake. Paul Lindner, Mjerumani, alimwona Mexico mwaka 1924 katika pombe ya mkonge iitwayo pulque. Mwaka 1971 W. van Pee na Jean Swings walichapisha uchunguzi wa malafu ya Kongo katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki, na mwaka 1977 Swings na mwenzake De Ley wa Gent wakaandika maelezo kamili ya bakteria huyo ambayo yalisomwa na kizazi kizima cha wahandisi wa jeni. Ukoo mmoja uliotolewa kwenye malafu ya Kinshasa ulihifadhiwa Marekani kwa nambari ATCC 29191. Wataalamu wanauhesabu kuwa mfano ulio katikati kabisa ya spishi nzima. Mwaka 2012 watafiti wa Athens, Ugiriki, wakishirikiana na maabara ya serikali ya Marekani, walichapisha jenomu yake kamili.

Mwaka 1999 Ming-De Deng na John Coleman wa Chuo Kikuu cha Toronto waliingiza jeni mbili za Zymomonas katika sianobakteria aitwaye Synechococcus. Waliweka chupa zao kwenye mwanga wakasubiri. Baada ya wiki nne walipata robo gramu hivi ya ethanoli kwa lita. Ni kidogo sana, lakini lilikuwa jambo ambalo halijawahi kuonekana: alkoholi iliyotoka moja kwa moja kwenye jua, maji na hewa, bila shamba, bila muwa, bila mahindi.

Baada ya hapo kazi ilienda kasi. Kikundi cha James Liao, Los Angeles, mwaka 2009 kiliwafanya sianobakteria watoe isobutiraldehidi, kitu kinachogeuzwa kwa urahisi kuwa mafuta mazito kuliko ethanoli. Wachina wa Qingdao, wakiongozwa na Lu Xuefeng, walitangaza mwaka 2012 kwamba wamefikia gramu 5.5 za ethanoli kwa lita. Umoja wa Ulaya ulilipia miradi miwili mikubwa iliyoanza mwaka huo huo: DEMA, iliyosimamiwa na Chuo Kikuu cha Limerick kule Ireland, ikitafuta ethanoli kutoka Synechocystis, na CyanoFactory, iliyosimamiwa na Peter Lindblad wa Uppsala, ikitafuta gesi ya haidrojeni. Katika miradi ya namna hii mmoja hubuni jeni, mwingine hujenga matangi ya kioo, wa tatu hupiga hesabu ya gharama, na wote hukutana mara kwa mara kuonyeshana kilichoharibika.

Lipo pia jambo ambalo mtu wa Likasi akilisoma lazima asimame. Bakteria anayelazimishwa kutoa ethanoli tangu azaliwe hudumaa, kwa hiyo wahandisi humwacha akue kwanza, kisha humwamrisha aanze kazi. Wanamwamrisha kwa metali. Synechocystis ana jeni inayoamka anapoonja shaba kidogo majini, na nyingine inayolala pale pale. Shaba ikiondoka, mambo hugeuka. Anayo pia jeni inayoamshwa na kobalti, nyingine na nikeli, nyingine na zinki. Ukikata kiamshio cha jeni hiyo na kukiunga mbele ya jeni ya ethanoli, umepata swichi. Kampuni ya Algenol ya Florida, iliyoanzishwa mwaka 2006, pamoja na tawi lake la Berlin lililozaliwa kutoka Chuo Kikuu cha Humboldt, waliandikisha hataza za viamshio vya zinki, kobalti na nikeli kwa kazi hii hasa. Shaba na kobalti, metali mbili ambazo mji huu umezitoa ardhini kwa zaidi ya karne moja, ndizo zinazowasha na kuzima jeni katika kizazi cha viumbe waliotandika mikeka ya Kambove.

Algenol iliahidi zaidi ya galoni 6,000 za ethanoli kwa ekari kila mwaka, yaani lita 56,000 hivi kwa hekta. Serikali ya Marekani iliipa dola milioni 25. Joule, kampuni ya Massachusetts iliyoanza mwaka 2007, ilipata hataza ya mafuta kama dizeli na ikaungana na watengenezaji wa magari wa Audi. Mwaka 2015 Algenol iliyaacha mafuta na kugeukia bidhaa nyingine za mwani. Joule ilifungwa mwaka 2017.

Sababu zake zinaeleweka, na hakuna haja ya kumcheka mtu. Bei ya petroli ilianguka mwaka 2014. Gramu 5.5 kwa lita haifiki asilimia moja ya alkoholi, wakati bia ya kawaida ina asilimia tano hivi. Kuitenga ethanoli na maji mengi kiasi hicho kunakula nishati karibu na ile unayoipata. Matangi ya wazi huingiliwa na viumbe wengine, matangi yaliyofungwa ni ghali. Na bakteria wenyewe, kizazi baada ya kizazi, huzitupa jeni walizopewa, kwa kuwa anayezitupa hukua haraka kuliko anayezibeba. Utafiti unaendelea, ila umekuwa na subira zaidi, na wengi sasa wanatafuta kemikali za bei kubwa kabla ya kurudi kwenye mafuta.

Turudi Kongo. Malafu ya Kinshasa yalitoa ukoo ulio katikati ya spishi nzima. Mawese ya Kongo yalizaa hataza ya kwanza ya biodizeli. Katika yote hayo nchi hii ilikuwa mahali pa kuchukua sampuli, na jina lake likabaki kwenye lebo ya chupa. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, ambao Kongo ni mwanachama wake, unadai kwamba anayechukua kiumbe hai kwa utafiti akubaliane kwanza na nchi husika na kugawana faida. Mkataba huo haurudi nyuma kugusa chupa zilizoondoka zamani. Lakini unagusa zitakazoondoka kesho, na hapo ndipo Likasi inapaswa kuwa macho.

Kwa sababu zitaondoka. Ziwa Tshangalele, lililotokea baada ya Lufira kuzuiwa pale Mwadingusha, limepokea kwa miongo mingi maji machafu ya viwanda vya Shituru na Panda. Watafiti wa Lubumbashi, Célestin Banza Lubaba Nkulu akiwa mbele yao, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti na metali nyingine nyingi mno mwilini. Hilo ni jeraha, wala sitaki kulifanya fursa kwa maneno matamu. Hata hivyo, maji yenye shaba na kobalti kwa muda mrefu huchuja viumbe wake. Wanaobaki ni wale waliojifunza kuvumilia, na mhandisi wa jeni anayetumia metali kama swichi anamtafuta kiumbe wa namna hiyo hasa, maana wale wa California huugua metali zikizidi kidogo. Mahali pengine pa kutafuta viumbe wavumilivu ni chemchemi za chumvi za Mwashya katika bonde la Lufira, ambako Wasanga walitengeneza chumvi tangu zamani. Na kule Kakontwe kuna mawe ya chokaa. Chokaa ikichomwa hutoa hewa ya ukaa, chakula cha sianobakteria.

Mji una chuo kikuu chake, na Lubumbashi ina kikubwa zaidi kwa umbali wa kilomita 120 hivi. Kuanzisha mkusanyo wa sianobakteria hakuhitaji mabilioni: chupa safi, taa, chumvichumvi za kulishia, darubini, jokofu la baridi kali, mtu mwenye subira, na umeme usiokatika. Umeme ndio mgumu. Stanier alianza na kikundi kidogo na chupa nyingi, na leo dunia nzima inawaita viumbe kwa herufi za Paris. Ushirikiano na Uppsala au Qingdao uje baada ya hapo, sampuli zikitoka hapa zikiwa na nambari za hapa, mkataba ukiwa umetiwa saini, na nakala hai ya kila ukoo ikibaki Likasi katika jokofu linalofunguliwa na Mkongomani.